Siki Imehamia Sebuleni

Nyumbani kwangu siki haikai tena jikoni. Imehamia sebuleni, chini ya meza ya televisheni, ndani ya dumu la lita tano ambalo zamani lilikuwa la mafuta ya kula. Pembeni yake kuna pakiti za bekingi soda zinazotosha kuumua keki za harusi za ukoo mzima, na sahani ya ndimu zilizokamuliwa zikakauka. Mgeni akifungua mlango anadhani tunapika achari ya biashara. Jirani mmoja alishaniuliza, kwa adabu zote, chupa moja tunauza shilingi ngapi.

Chanzo ni kapeti, na kuhusu kapeti nina ya kusema kabla ya kufika kwenye siki. Dar es Salaam ni mji wa joto, hilo halina ubishi. Januari na Februari nyuzijoto hupita 30 mchana bila kuomba ruhusa, hewa yenyewe imelowa, mtu anajipepea na gazeti huku feni inazunguka juu ya kichwa chake. Fundi kakuwekea vigae sakafuni, vya baridi, unavipiga deki kwa ndoo moja na tambara moja ukamaliza kabla chai haijachemka. Juu ya neema hiyo tunatandika kapeti la manyoya marefu, la kuzamisha mguu mpaka kwenye kifundo. Letu lilikuja kwa bajaji kutoka Kariakoo, limechomoza huku na huku, dereva anaendesha kichwa kikiwa nje. Niliuliza kama vigae vilikuwa vinaona baridi. Sijajibiwa mpaka leo.

Kapeti la manyoya likishaingia ndani halikatai kitu. Mchanga wa uani, makombo ya andazi, chai ya maziwa, mafuta ya mishikaki, vipande vya kucha, vifuniko vya kalamu, vyote linapokea na kutunza. Halafu kuna ubuyu, ule mwekundu wa Zanzibar unaopaka midomo rangi hadi mtoto anakwenda nao shuleni kesho yake. Ubuyu nitaurudia, maana una kesi yake peke yake.

Zamani tulikuwa tunalipeleka kwa vijana wanaoosha magari. Wanalitandaza kwenye saruji, wanalimwagia sabuni ya unga, wanalisugua kwa brashi wakiwa pekupeku, wanalifungulia bomba la presha, kisha wanalianika ukutani. Linarudi limetakata. Mimi sikuwa na malalamiko, na wanaonijua wanaelewa hiyo ni sifa kubwa kiasi gani. Ila mama watoto akasema kila safari kapeti linarudi na mchanga wa watu wengine. Akanunua mashine.

Ni mtumba wa ughaibuni. Ina tangi, bomba linalojikunjakunja, na midomo mitatu ya plastiki ambayo miwili hakuna anayejua kazi yake. Ubavuni imeandikwa wati 1,500, maana yake ikiwaka saa nzima inameza uniti moja na nusu ya luku. Nilipolitaja hilo niliambiwa mimi napenda uchafu. Ilikuja na kijitabu chenye lugha kumi na ushee, Kiswahili hakimo, lakini ukurasa wa pili una mchoro ambao hata asiyejua kusoma anauelewa: tangi, chupa inayomimina kitu ndani yake, na X kubwa nyekundu juu ya chupa. Weka maji, kingine kaa nacho mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, aliyekuja mjini kutafuta kazi na sasa ana ufunguo wake wa geti. Kijana mwema, anasalimia, anakula kilichopo. Tatizo lake ni moja: ni mtaalamu wa vitu vya asili. Hana shamba, hana mizizi wala majani, ila ana simu yenye bando, na humo ndani amesomea.

"Shemeji," ananiambia, "hizi sabuni za dukani ni kemikali tupu. Zinaua taratibu."

Anayasema haya ameshika kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, cha rangi ya bluu ambayo sijawahi kuiona kwenye tunda lolote.

Nikamuuliza siki ni nini. Akasema ni kitu cha asili. Nikaichukua chupa nikasoma lebo kwa sauti, mbele ya watoto: asidi ya asetiki na maji, kazi imekwisha. Siki ya kuchachusha kutokana na matunda au nazi ipo, tena tamu, lakini chupa nyingi za bei nafuu ni asidi ya kiwandani iliyoongezwa maji mpaka ikafika kama asilimia 5. Na bekingi soda je? Nayo hutengenezwa kiwandani, magadi yakipitishiwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Hayo magadi ndiyo yana asili, maana yanachotwa kwenye ziwa la Magadi kule Kenya, tena nyanya zetu wameyatia kwenye kande na maharage tangu enzi. Lakini kila nikilisema hilo shemeji ananiangalia kwa huruma, kama mgonjwa ambaye hajajua anaumwa nini.

Tatizo langu si siki. Naiheshimu siki. Birika la umeme likijaa ukoko mweupe kwa sababu ya maji ya kisima, na wanaoishi na visima vya Dar wanajua maji yetu yalivyo na chumvi, siki kidogo na maji, ukachemsha ukaacha ikakaa, ukoko unaachia wenyewe bila kukwangua. Ule ukoko ni chokaa, na asidi huila chokaa. Hata bekingi soda nina adabu nayo: inyunyize kwenye kapeti kavu linalonuka, iache usiku kucha, asubuhi uifyonze, harufu inapungua kweli. Uangalie tu kichujio cha mashine ya kufyonza, maana unga ule ni laini kuliko vumbi na huziba kila tundu.

Ninachokasirikia ni ndoa ya hivi viwili. Shemeji anamwaga bekingi soda kwenye doa, anaimiminia siki juu yake, linatoka povu, linachemka, linalia chwaa! Naye anarudi nyuma hatua moja, amekunja mikono, uso umejaa imani. "Unaona shemeji inavyofanya kazi?"

Inafanya kazi, ndiyo. Siki ni asidi, bekingi soda ni kinyume cha asidi, vikikutana vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe. Lile povu ni gesi ileile iliyomo kwenye soda ya chupa, inapaa zake. Kinachobaki chini ni maji yenye chumvichumvi isiyo na nguvu ya asidi wala ya magadi. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hapa fahali wamepigana, wamekufa wote wawili, na nyasi, yaani doa, hazikuguswa. Kama doa lilipungua, shukuru brashi na maji. Ukitaka kuvitumia, tumia kimoja leo na kingine siku nyingine, nafuu utaiona.

Na kama ni mafuta ya mishikaki, usijisumbue na siki kabisa. Mafuta hayaogopi asidi, yanaogopa sabuni. Tone la sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, kitambaa safi. Nilimwambia shemeji hivyo akasema sabuni ni kemikali.

Sasa turudi kwenye mashine, maana hapa watu wengi wanachanganya mambo. Kuna mashine mbili, na majina yamefungwa kamba moja. Ya kwanza ni hii yetu, ya mvuke hasa: inachemsha maji ndani ya tangi, inapuliza mvuke, basi. Hainyonyi kitu. Uchafu ukilegea unaufuta mwenyewe kwa kitambaa, usipofuta unabaki palepale, umelegea tu. Ya pili inanyunyiza maji moto yenye sabuni kisha inayafyonza na uchafu wake, unaona kabisa maji meusi yanajaa tangi la pili. Hiyo ndiyo waosha makochi wengi wa mjini wanatembea nayo, na ndiyo inayosafisha kapeti mpaka chini. Huko nyuma watu wakaiita nayo ya mvuke, na sisi tukakubali, kwa sababu tunakubali kila kitu.

Katika hii ya pili ukitia sabuni ya kufulia ya kawaida, povu linajaa tangi, linapanda mpaka kwenye mota, na mota haijui kuogelea. Ndiyo maana sabuni zake maalumu hazitoi povu jingi, na ndiyo maana zina bei ya kukera. Pia sabuni ikibaki kwenye kapeti inanata, na kinachonata hukusanya vumbi upya, kapeti linachafuka kabla ya mwisho wa mwezi halafu unalaumu watoto. Siki kidogo iliyozimuliwa kwenye maji ya kusuuzia husaidia kuondoa ule unato. Kidogo, nimesema. Kijiko, si dumu.

Hii yetu ya mvuke ndiyo haitaki kitu kabisa. Siki ikichemshwa mule ndani kila mara inatafuna mipira ya kuzibia na kula chuma polepole. Bekingi soda isipoyeyuka yote inakwenda kukaa kwenye kitundu cha kupulizia, kitundu chenyewe kama cha sindano. Shemeji akaona hiyo haitoshi, akatia na mafuta ya karafuu ili nyumba inukie Pemba. Haikunukia Pemba. Ile harufu kali ya karafuu inatokana na kitu kiitwacho eujenoli, ambacho madaktari wa meno wanakitumia siku zote, basi sebule nzima ikanukia mahali pa kung'olea meno. Mwanangu mdogo aliingia, akanusa, akatoka akilia. Na mwenye paka asithubutu: ini la paka haliwezi kuishughulikia karafuu namna hiyo, inamdhuru.

Kulikuwa na siku nilipandisha sauti, nalo sijutii. Shemeji alikuwa na ndoo ya siki mkononi, na mkono wa pili unafungua jiki. Anasema anataka "kuongeza nguvu". Nikamwambia weka chini kimoja, chochote, sasa hivi. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na klorini ndiyo Wajerumani waliyoifungulia kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Mimi sitaki vita vya dunia kwenye choo changu cha wageni, tena chenye kidirisha kimoja. Hata wewe unayesoma, ukikuta mtu kashazichanganya, usikae kujadiliana naye. Toka nje, ufungue milango.

Haya, ubuyu.

Pamoja na lile la manyoya, tuna zulia la sufu. Hilo ni zulia la heshima. Mama mkwe alitupa siku ya harusi. Kaka yake alilinunua Maskati enzi zile, na linatandikwa Idi na anapokuja mtu wa maana. Lina maua ya buluu na krimu, ukilipindua nyuma unaona mafundo yake yamebanana. Mwaka huu likatandikwa, watoto wakapewa ubuyu wa kupoza kelele, na mmoja akaangusha konzi nzima katikati.

Dawa ya ubuyu kwenye sufu ni fupi: okota mbegu, gusisha kitambaa cheupe chenye maji baridi, ukianzia pembeni kuja kati, bila kusugua, bila moto. Unabadili kitambaa, unarudia, unakuwa na subira. Mimi nilikuwa msikitini. Niliporudi, shemeji alikuwa amejaza siki kwenye mashine, mvuke unavuma, amebana mdomo wa mashine juu ya doa kana kwamba anapiga pasi kanzu.

Sasa wewe msomaji nisikilize vizuri hapa. Wanaotia rangi nyuzi za sufu nyumbani hutumia vitu vitatu: rangi ya chakula, siki na moto. Rangi inakaa kwenye maji, siki inaifanya iishike sufu, mvuke unaifunga isitoke tena, hata ukifua. Hawa watu wana vitabu vya mafunzo, wanapima kwa vijiko, wengine wanakosea. Shemeji yangu hakukosea hata hatua moja. Kwenye lile la manyoya, ambalo ni plastiki iliyofumwa, rangi isingeshika hivyo. Kwenye sufu ya Maskati imeingia kama ilizaliwa humo. Hiyohiyo mashine, wiki iliyotangulia, ilikuwa imekandamiza mvuke juu ya chai ya maziwa kwenye kapeti lingine. Maziwa ni protini, ukiyapiga moto unayapika humohumo, kwa hiyo huko nako tuna kitu kama mtindi mkavu ambao hautoki.

Mama mkwe alifika alasiri. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa maji. Kisha akainamisha kichwa akalitazama zulia kwa muda.

"Baba," akaniita, kwa ile sauti ya taratibu, "ndugu yangu alipolinunua Maskati, halikuwa na ua jekundu. Hili limechipua lini?"

Shemeji alikuwa ameshatoka. Alikumbuka ana mtu wa kuonana naye Mbagala.

Nilimweleza mama mkwe habari ya siki, bekingi soda na karafuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Mke wangu akaingilia, akauliza kama magadi yangesaidia, maana hayo angalau ni ya asili kwelikweli. Mama mkwe akamgeukia. "Mwanangu, hizi ni nywele za kondoo. Wewe kichwa chako unakiosha kwa magadi?" Na bibi yule hajapita darasa la kemia. Sufu huharibiwa na magadi makali, inakuwa ngumu na kukatika, na yeye alilijua hilo kwa kufua tu.

Kisha akatoa utaratibu wake, ambao sijaona kijitabu cha lugha kumi kinachouzidi. Zulia halitiwi maji kabla halijatolewa mchanga. Linapelekwa nje, linaninginizwa kwenye kamba au ukuta, linapigwa upande wa nyuma kwa fimbo mpaka vumbi liishe, na vumbi la zulia moja linaweza kujaza beleshi. Uchafu mwingi wa kapeti ni mchanga mkavu. Ukiuwahi na maji umetengeneza tope, na tope likiingia chini halitoki tena, hata umletee mvuke. Lenye doa linapanguswa doa lake tu, kwa sabuni laini kidogo, linasuuzwa, linaanikwa kivulini penye upepo. Tena kiangazi. Masika hii ya Machi hadi Mei usiliguse, kwa sababu kapeti lililolowa lisipokauka ndani ya siku moja au mbili linaota ukungu, na harufu ya ukungu siki haiiwezi wala karafuu haiifuniki. Nyumba za mvuke wakati wa masika, alisema, ni za watu wanaopenda kukohoa.

Tangu hapo mashine iko kwenye boksi lake, juu ya kabati. Haipulizi vizuri, inatema matone ya kahawia na kukoroma. Mama watoto anasema ilikuja mbovu. Mimi nimekaa kimya, kwa sababu mwenye mashine ni yeye na mwenye ndugu ni yeye. Dumu la siki limebaki chini ya televisheni kwa hoja kwamba linaweza kuhitajika. Kwa nini, sijaambiwa. Zulia la Maskati tumelizungusha, ua jekundu sasa liko chini ya kochi, na anayekaa kwenye kochi hilo haruhusiwi kulisogeza.

Kwa wote mtakaokuja kwangu sikukuu ijayo, karibuni sana. Viatu vibaki mlangoni, ubuyu uliwe barazani, na shemeji akikuuliza kwenu kapeti linasafishwaje, mwambie kwenu hakuna kapeti.